Sura ya Tisa: Mitandao ya Kompyuta na Maumbo Yake

Katika sura iliyotangulia ulijifunza namna kompyuta inavyopokea taarifa, inavyozifanyia kazi na inavyozihifadhi. Katika sura hii utajifunza namna kompyuta nyingi zinavyounganishwa ili zipelekeane taarifa. Utaona pia kwamba kuziunganisha si jambo la kubahatisha. Umbo la mtandao ndilo linaloamua nani atabaki akiwasiliana na nani siku ambayo waya utakatika.

Fikiri juu ya kijiji kilicho ng'ambo ya mto. Njia ya kwenda hospitali ni moja tu, nayo hupita juu ya daraja moja. Wakati wa masika mto hufurika na daraja huchukuliwa na maji. Hospitali ipo mahali pake, na daktari yupo kazini, lakini mgonjwa hawezi kufika. Kitu kimoja tu kimeharibika, na kijiji kizima kimetengwa.

Sasa fikiri juu ya kijiji cha pili. Kijiji hiki kina madaraja mawili, moja juu ya mto na jingine mbali kidogo, chini ya mto. Daraja la kwanza likivunjika, watu huzunguka na kupita la pili. Safari huwa ndefu zaidi, lakini mgonjwa hufika.

Mitandao ya kompyuta ina tabia kama ya vijiji hivi viwili. Unaposoma sura hii, jiulize kila mara: kitu hiki kikiharibika, je, ipo njia nyingine?

9.1 Mtandao ni nini?

Mtandao wa kompyuta ni kompyuta mbili au zaidi zilizounganishwa ili zipelekeane taarifa. Kompyuta huweza kuunganishwa kwa waya wa shaba, kwa nyuzi nyembamba za kioo, au kwa mawimbi ya redio yasiyohitaji waya. Simu ya mkononi inayotumia intaneti nayo ni kompyuta ndogo iliyo katika mtandao.

Taarifa haisafiri katika mtandao ikiwa nzima. Kompyuta huikata katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti huandikwa anwani ya mahali inakotoka na anwani ya mahali inakokwenda, kama barua iliyomo ndani ya bahasha. Pakiti zikifika, kompyuta inayozipokea huzipanga upya mpaka taarifa ikamilike.

Katika mtandao mna vifaa viwili ambavyo ni lazima uvijue. Cha kwanza ni swichi. Swichi hii si ile ya kuwashia taa. Hii ni kifaa chenye matundu mengi ya kuchomekea waya, kinachopokea pakiti kutoka kompyuta moja na kuipeleka kwa kompyuta nyingine iliyo karibu. Cha pili ni ruta. Ruta huunganisha mtandao mmoja na mtandao mwingine. Husoma anwani ya pakiti na kuichagulia njia, kama askari wa barabarani aliyesimama penye njia panda.

Mpangilio wa kompyuta, vifaa na njia zinazoviunganisha huitwa umbo la mtandao, au topolojia. Sasa tutafanya majaribio ili tuyajue maumbo hayo.

9.2 Umbo la mstari

*Jaribio la 1*

Vifaa vinavyohitajika: kamba ndefu ya katani, mkasi, na wanafunzi sita. Wanafunzi hao waitwe A, B, C, D, E na F.

Namna ya kufanya: Wanafunzi sita wasimame katika mstari na wote waishike kamba hiyo moja. A aivute kamba mara mbili. Kila anayeusikia mvuto anyoshe mkono. Kisha mwalimu aikate kamba baina ya C na D. A aivute tena.

Umeona nini? Hapo mwanzo wanafunzi wote waliusikia mvuto. Baada ya kamba kukatwa, D, E na F hawakusikia kitu.

Mtandao wa namna hii huitwa mtandao wa mstari. Kompyuta zote hutumia waya mmoja. Mwaka 1973, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, Marekani, Robert Metcalfe aliandika mpango wa mtandao wa namna hii, nao ukaitwa Ethernet. Kila kompyuta ilisikiliza kwanza kabla ya kusema. Waya ukiwa kimya, ilituma pakiti yake. Ikiwa kompyuta mbili zilisema kwa pamoja, taarifa ziligongana. Hapo kila moja ilinyamaza, ikangoja kwa muda mfupi wa kubahatisha, kisha ikajaribu tena. Watu wenye adabu nao hufanya vivyo hivyo barazani.

Umbo la mstari ni rahisi na hutumia waya mchache. Lakini una kasoro kubwa. Katika waya wa kweli hali huwa mbaya kuliko ile uliyoiona katika jaribio. Alama za umeme zikifika kwenye ncha iliyokatika hurudi nyuma kama mwangwi, nazo huvuruga alama nyingine. Hivyo hata A, B na C hushindwa kuelewana. Mkato mmoja huunyamazisha mtandao mzima.

9.3 Umbo la nyota

*Jaribio la 2*

Vifaa vinavyohitajika: kamba sita fupi, mkasi, na wanafunzi saba.

Namna ya kufanya: Mwanafunzi wa saba, G, asimame katikati. Wengine sita wamzunguke. Kila mmoja ashike ncha moja ya kamba yake, na G azishike ncha nyingine zote. A akitaka kumpelekea D barua, ampe G, na G ampe D. Kisha mwalimu akate kamba ya C. Jaribuni tena kupelekeana barua. Mwishowe G aziachie kamba zote.

Umeona nini? Kamba ya C ilipokatwa, C peke yake alitengwa. Wengine waliendelea na kazi bila shida. Lakini G alipoziachia kamba, wote walitengwa kwa mara moja.

G ndiye swichi. Kompyuta za ofisi au za darasa huunganishwa mara nyingi kwa umbo hili, na waya wa shaba utokao kwenye swichi hadi kwenye kompyuta kwa kawaida hauzidi meta 100. Fundi hulipenda umbo la nyota kwa sababu kompyuta moja ikinyamaza, anajua mara moja ni waya upi wa kuukagua. Hata hivyo nyota ina moyo mmoja. Moyo huo ukisimama, mwili wote umesimama.

Nyota kadhaa zikiunganishwa kwa swichi nyingine iliyo juu yake, hupatikana umbo la mti. Swichi ya juu ni shina, na nyota ni matawi. Tawi likivunjika, majani ya tawi hilo tu ndiyo yanayokauka. Shina likikatwa, matawi hutengana.

9.4 Umbo la pete

*Jaribio la 3*

Vifaa vinavyohitajika: kamba sita fupi, mkasi, na wanafunzi sita.

Namna ya kufanya: Wanafunzi A, B, C, D, E na F wasimame katika duara kwa utaratibu huo. Kila mmoja aunganishwe kwa kamba na jirani yake wa kulia na jirani yake wa kushoto. A ampelekee B barua. Sasa mwalimu aikate kamba iliyo baina ya A na B. A atafute njia nyingine ya kuifikisha barua. Kisha mwalimu akate kamba ya pili, iliyo baina ya D na E.

Umeona nini? Baada ya mkato wa kwanza, barua ilizunguka: A alimpa F, F akampa E, E akampa D, D akampa C, na C akampa B. Barua iliyokuwa ikipita kamba moja sasa ilipita kamba tano, lakini ilifika. Baada ya mkato wa pili, pete iligawanyika katika makundi mawili. B, C na D walibaki pamoja, na E, F na A walibaki pamoja. Makundi hayo mawili hayakuweza kuwasiliana tena.

Hivyo tunaweza kusema kwamba pete ambayo taarifa zake huweza kwenda kulia na kushoto huvumilia mkato mmoja, lakini haivumilii mikato miwili. Ikiwa taarifa huzunguka upande mmoja tu, hata mkato mmoja huivunja.

Hapa jifunze jambo jingine. Mwaka 1985 kampuni ya IBM ilitoa vifaa vya mtandao wa pete. Aliyeutazama mtandao huo kwa macho aliona nyota, kwa sababu nyaya zote zilikwenda kwenye kisanduku kimoja. Lakini ndani ya kisanduku hicho taarifa zilizunguka kutoka kompyuta hadi kompyuta kama katika pete. Kwa hiyo kila mtandao una maumbo mawili: umbo la nyaya, na umbo la mwendo wa taarifa. Likumbuke neno hili, maana tutalirudia.

9.5 Umbo la wavu

*Jaribio la 4*

Vifaa vinavyohitajika: kamba tisa, mkasi, na wanafunzi sita.

Namna ya kufanya: Tengenezeni tena pete ya kamba sita. Kisha ongezeni kamba tatu: kutoka A hadi D, kutoka B hadi E, na kutoka C hadi F. Sasa kila mwanafunzi ameshika kamba tatu. Mwalimu akate kamba mbili zozote. Jaribuni kupelekeana barua.

Umeona nini? Kamba zozote mbili zikikatwa, hakuna aliyetengwa. Ili kumtenga mwanafunzi mmoja, ni lazima kamba zake zote tatu zikatwe.

Umbo hili huitwa wavu, kwa kuwa linafanana na wavu wa mvuvi. Fundo moja la wavu likifunguka, wavu wote haufumuki.

Huenda unajiuliza: kwa nini basi kompyuta zote zisiunganishwe moja kwa moja na kompyuta nyingine zote? Hebu tufanye hesabu. Kompyuta ziwe 6. Kila moja inahitaji nyaya 5 za kwenda kwa wenzake. Mara 6 kwa 5 ni 30. Lakini kila waya umehesabiwa mara mbili, kwa sababu una ncha mbili. Hivyo nyaya ni 15. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kompyuta 20: mara 20 kwa 19 ni 380, gawanya kwa 2, unapata nyaya 190. Unaona jinsi gharama inavyopanda upesi.

Linganisha sasa maumbo ya kompyuta 6:

Mstari: waya 1 mrefu. Mkato 1 huunyamazisha mtandao.
Nyota: nyaya 6. Mkato 1 hutenga kompyuta 1, lakini swichi ikifa wote hutengwa.
Pete: nyaya 6. Mikato 2 huigawanya.
Wavu wa kiasi: nyaya 9. Mikato 3 huhitajika ili kumtenga mmoja.
Wavu kamili: nyaya 15. Mikato 5 huhitajika ili kumtenga mmoja.

Mwenye kujenga mtandao hupima mambo mawili: fedha alizo nazo, na hasara itakayompata mtandao ukikatika.

9.6 Seva na wateja

Mbali na umbo la nyaya, tunapaswa pia kujua jinsi kompyuta zinavyogawana kazi. Mgawanyo huo huitwa usanifu wa mtandao. Upo wa namna mbili kuu.

Namna ya kwanza ni ya seva na wateja. Seva ni kompyuta inayohifadhi taarifa na kuwahudumia wengine. Wateja ni kompyuta au simu zinazoomba huduma. Mfano wake ni duka la kijiji. Watu wote huenda dukani kununua chumvi, na mwenye duka huwahudumia. Ni rahisi kulikagua duka moja na kuweka hesabu zake. Lakini mwenye duka akisafiri, kijiji kizima hukosa chumvi.

Namna ya pili ni ya sawa kwa sawa. Hapa hakuna seva maalumu. Kila kompyuta huomba na kila kompyuta hutoa. Mfano wake ni majirani wanaoazimana vitu. Ukikosa ungo kwa jirani mmoja, utaupata kwa mwingine. Lakini ni vigumu kujua nani anacho nini, na ni vigumu kuvilinda vitu vyote.

Angalia tena: swali ni lile lile. Seva moja peke yake ni kama daraja moja. Kwa sababu hiyo taarifa muhimu, kama vile za benki na za hospitali, huwekwa katika seva zaidi ya moja, nazo huwekwa katika majengo mbalimbali.

9.7 Mtu aliyefikiri juu ya wavu

Karibu na mwaka 1960, mhandisi Paul Baran alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti iitwayo RAND nchini Marekani. Wakati huo Marekani ilihofia vita vya silaha za nyuklia. Baran aliona kwamba mawasiliano ya simu yalitegemea vituo vichache vikubwa. Vituo hivyo vikipigwa, nchi nzima ingenyamaza.

Mwaka 1964 alitoa maandiko yaliyoeleza mtandao wa namna nyingine. Alichora michoro mitatu: nyota moja yenye kitovu kimoja, nyota nyingi zilizoungana, na wavu. Kisha akaonyesha kwa hesabu kwamba si lazima kila kituo kiunganishwe na vituo vyote. Kituo kikiwa na njia 3 au 4 tu, mtandao huwa imara sana hata vituo vingi vikiharibiwa. Je, unakumbuka kamba tatu za Jaribio la 4?

Mwaka 1969 mtandao uitwao ARPANET ulianza kujengwa Marekani. Tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi Charley Kline wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alijaribu kuandika neno LOGIN ili lifike kwenye kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Herufi L ilifika. Herufi O ilifika. Kisha mtambo wa upande wa pili ukazimika. Ujumbe wa kwanza wa mtandao huo ulikuwa herufi mbili tu. Walirekebisha kosa na kujaribu tena, na baadaye usiku huo walifaulu.

Mwisho wa mwaka huo mtandao ulikuwa na vituo vinne. Los Angeles, Stanford na Santa Barbara viliunganishwa vyote vitatu kwa njia tatu, vikafanya pembetatu. Kituo cha nne, Chuo Kikuu cha Utah, kiliunganishwa na Stanford peke yake. Chora mtandao huo katika daftari lako. Kisha utafute: ni njia ipi ikikatika kituo kimoja hutengwa?

9.8 Njia saba zilizokuwa moja

Miaka 17 baadaye mtandao wa ARPANET ulikuwa umekua. Eneo la New England, lililo kaskazini-mashariki mwa Marekani, liliunganishwa na sehemu nyingine za mtandao kwa njia saba. Kila aliyeitazama ramani aliamini kwamba eneo hilo haliwezi kutengwa. Nani angezikata njia saba kwa siku moja?

Tarehe 12 Desemba 1986 kebo moja ya nyuzi za kioo ilikatika mahali fulani baina ya Newark na White Plains. Mara New England yote ikatengwa na ARPANET, na ikabaki hivyo kwa saa kadhaa. Sababu ilikuwa nini? Njia zote saba zilikuwa zimepitishwa ndani ya kebo hiyo moja.

Sasa utaelewa kwa nini tulisema kila mtandao una maumbo mawili. Umbo la mwendo wa taarifa lilikuwa na njia saba. Umbo la nyaya lilikuwa na njia moja. Ramani iliyochorwa karatasini haikumwambia mtu ukweli uliokuwa ardhini. Njia mbili zinazopita katika handaki moja ni njia moja.

9.9 Mikongo ya Afrika Mashariki

Kabla ya mwaka 2009 Tanzania na Kenya hazikuwa na kebo za nyuzi za kioo zipitazo chini ya bahari. Intaneti ya nchi za nje ilipatikana kwa setilaiti. Setilaiti hizo hukaa juu ya ikweta, umbali wa kilometa 36,000 hivi kutoka ardhini. Kwa hiyo taarifa ilichelewa na gharama ilikuwa kubwa.

Kebo ya nyuzi za kioo hapa kwetu huitwa mkongo. Ndani yake taarifa husafiri kama mwanga, kwa kasi ya kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Mkongo wa Seacom ulianza kazi Julai 2009. Mwaka huo huo mkongo wa TEAMS, wenye urefu wa kilometa 5,000 hivi, uliunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu. Mwaka 2010 ulifuata mkongo wa EASSy, wenye urefu wa kilometa 10,000 hivi, kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. Mikongo ya Seacom na EASSy hufika Dar es Salaam na Mombasa. Mikongo mingine imeongezwa baadaye.

Mikongo hiyo imelala chini ya bahari, lakini haikosi maadui. Nanga za meli na nyavu za kuburuta huikata, na udongo wa chini ya bahari ukiporomoka huivunja. Ikikatika, meli maalumu hutumwa kwenda kuinua ncha zake na kuziunga.

Mwezi Februari 2024 mkongo wa Seacom ulikatika upande wa kaskazini, katika Bahari ya Shamu. Kisha siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, upande wa kusini ulikatika pia. Siku hiyo hiyo mkongo wa EASSy nao ulikatika. Mikato yote miwili ya siku hiyo ilitokea katika bahari iliyo baina ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Watu wengi walikosa intaneti, na wengine waliipata kwa shida. Kenya nayo iliathirika, lakini mkongo wa TEAMS, unaopita njia tofauti, ulikuwa mzima. Sehemu ya taarifa zilipitishwa huko.

Tafakari juu ya habari hii. Mikongo ilikuwa miwili, majina yalikuwa mawili, na wenye mali walikuwa mbalimbali. Lakini ilipita katika bahari moja kuelekea upande mmoja. Ni habari ile ile ya mwaka 1986, na ni habari ile ile ya pete uliyoikata katika Jaribio la 3.

Nchi kavu pia ina mtandao wake. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania umejengwa kwa pete, ili mkongo ukikatwa mahali pamoja, kwa mfano na mashine ya kuchimba barabara, taarifa zizunguke upande wa pili. Vilevile mkongo huo umeunganishwa na nchi jirani.

9.10 Taarifa ya nyumbani ibaki nyumbani

Kuongeza njia ndefu si dawa pekee. Dawa nyingine ni kufupisha safari. Zamani za setilaiti, barua ya kompyuta iliyotumwa na mtu wa Nairobi kwenda kwa mwenzake wa kampuni nyingine hapo hapo Nairobi iliweza kupanda kwenye setilaiti, kushuka Ulaya au Marekani, kupanda tena, na kurudi Nairobi. Ilisafiri zaidi ya kilometa 140,000 ili ifike mtaa wa pili.

Dawa yake ni kituo cha kubadilishana taarifa. Hapo kampuni za intaneti za nchi moja huunganisha ruta zao na kupeana taarifa za ndani bila kuvuka bahari. Kituo cha Nairobi, kiitwacho KIXP, kilifunguliwa kwa kudumu mwaka 2002. Tanzania nayo ina vituo vya namna hiyo.

Hivyo mkongo wa baharini ukikatika, taarifa ambayo seva yake ipo nchini huweza kufika. Lakini ikiwa seva ipo ng'ambo, hata majirani wawili wanaoitumia watashindwa kuwasiliana, ingawa nyumba zao zinatazamana.

Mambo ya kukumbuka

1. Mtandao wa kompyuta ni kompyuta mbili au zaidi zilizounganishwa ili zipelekeane taarifa.
2. Maumbo makuu ni mstari, nyota, mti, pete na wavu.
3. Mtandao wenye njia nyingi ni imara zaidi, lakini gharama yake ni kubwa zaidi.
4. Katika usanifu wa seva na wateja, seva huhudumia. Katika usanifu wa sawa kwa sawa, kila kompyuta huomba na kutoa.
5. Umbo la nyaya na umbo la mwendo wa taarifa huweza kutofautiana.
6. Njia mbili ni mbili kweli kama tu hazipiti mahali pamoja.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya swichi na ruta.
2. Katika umbo la nyota, ni kitu gani kikiharibika kompyuta zote hutengwa?
3. Kompyuta 10 zinaunganishwa kwa wavu kamili. Ni nyaya ngapi zinahitajika? Onyesha hesabu yako.
4. Kwa nini pete yenye mkato mmoja huendelea kufanya kazi, na pete yenye mikato miwili hugawanyika?
5. New England ilikuwa na njia saba. Kwa nini mkato mmoja uliitenga?
6. Kwa nini Kenya ilipata nafuu siku ya tarehe 12 Mei 2024?

Kazi ya kufanya

Wilaya moja ina hospitali moja na zahanati tano. Kila zahanati ina kompyuta inayoiuliza hospitali habari za wagonjwa na dawa. Nyaya zote tano zinapita juu ya daraja moja. Fedha zilizopo zinatosha kujenga njia mbili mpya tu.

Chora mtandao kama ulivyo sasa. Kisha uchore njia mbili mpya ambazo wewe ungezijenga. Mpe jirani yako mchoro wako na penseli. Yeye afute mstari mmoja autakao, kisha afute daraja. Hesabuni ni zahanati ngapi bado zinaweza kuifikia hospitali. Kama ipo iliyotengwa, rudi kwenye mchoro wako uufikiri upya.